Sahani Mbili za Papa André

Mama Laurentine alikuwa na wazee wake, na wazee hao walikuwa wakimtoa roho. Si kwamba walikuwa wakorofi. Wangekuwa wakorofi angewajibu kwa ukorofi, maana hilo analiweza, na mambo yangekwisha. Tabu yao ilikuwa adabu. Kila Jumamosi asubuhi walifika kwenye ukumbi wa parokia pale Katuba na mashati yaliyopigwa pasi, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakamsikiliza mpaka mwisho bila hata mmoja kupiga miayo. Wakaitikia "ndiyo, mama" na "kweli kabisa, mama". Wakamshukuru kwa mkono. Halafu wakarudi majumbani wakala vilevile walivyokuwa wakila tangu ujana wao.

Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mjane anayeuza viazi vitamu na mboga za majani sokoni, na kituo cha afya kilimchagua kuwa *relais*, yaani mtu wa kutoa maneno kituoni na kuyafikisha majumbani. Muuguzi Franck ndiye aliyempa wazee wenye ugonjwa wa sukari na presha, akisema anampa yeye kwa sababu ana uvumilivu. Hapo Franck alikosea. Mama Laurentine alikuwa na vitu vingi, lakini uvumilivu ulishamwishia siku nyingi.

Na alichokuwa akiwaomba hakikuwa cha ajabu. Unga wa mahindi usagwe na maganda yake, usikobolewe mpaka ukawa mweupe kama chokaa. Kiazi kichemshwe na ngozi yake. Maharagwe, majani ya lengalenga, samaki wa kuchoma. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, yawe ya kuonja, si ya kuogelea. Sukari ya chai ipungue, na soda ibaki kwa wenye harusi yao. Vyote hivyo vilikuwa sokoni, vingine juu ya meza yake mwenyewe. Lakini wazee walivisikiliza kama habari za nchi ya mbali.

Aliyemkera kupita wote ndiye aliyempenda kupita wote, naye ni papa André. Papa André alikuwa mkuu wa stesheni kabla ya kustaafu, mtoto wa familia iliyotoka Kasai ikafuata reli mpaka huku, na alikuwa bado anatembea kama mtu anayengoja treni iingie kwa wakati. Hakuvua tai hata wakati wa joto. Ndani ya kiatu chake cheusi kilichong'aa, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichopona. Daktari alimwambia wazi, Franck na mama Laurentine wakiwapo: sukari ikishuka, kidonda kitafunga, isiposhuka kitapanda, na mguu utakatwa. Papa André alishukuru kwa mkono. Kisha akawaapisha wote wawili wasimwambie mtu yeyote, na hasa nyumbani kwake.

Mama Laurentine aliapa. Mpaka leo hajui kwa nini alikubali kirahisi hivyo.

Jumamosi moja, baada ya kueleza tena habari za unga kwa mara ambayo hata yeye hakutaka kujua ni ya ngapi, alimgeukia ghafla.

"Papa André, bibi yako alisema nini juu ya ile unga?"

"Unga gani, mama?"

"Unga ya muhindi yenye haikobolewe. Ile tunasemaka hapa kila siku."

"Ah. Ile." Papa André alinyoosha tai yake. "Siyamwambia bado."

"Na we, papa Ruphin?"

Papa Ruphin, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, aliangalia dari. Mama Laurentine akawapitia wote kwa macho, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefikiwa aliona kitu cha maana sana ukutani. Hapo akaelewa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mkewe. Kituo cha afya, kwa heshima, kiliona wazee wasichanganywe na wanawake, wakae peke yao waambiwe mambo yao kwa faragha. Kwa hiyo habari zote za chungu waliambiwa watu ambao hawajawahi kugusa chungu, na wenye chungu hawakuambiwa kitu.

"Mama, utuhurumie," papa Ruphin akasema mwishowe. "Muanaume anaingiaka mu mambo ya nyungu? Mi nikimuambia bibi, 'usitie mafuta mingi', ataniuliza: ile yenye haina mafuta ulikulaka fasi gani?"

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojuana.

"Kwangu ni swali moja tu," papa André akaongeza polepole. "Nikibakisha bukari mu sahani, Adolphine atasema: ulikula kwa nani?"

Na hilo, kwa kweli, hata mama Laurentine hakuweza kulikataa. Katika mji huu bukari, yaani ugali, iliyobaki kwenye sahani ya mume ni ushahidi. Mwanaume asiyekula kwake anakula mahali, na anapokula ndipo anapolala, na huyo anayempikia huko ana jina, na jina hilo litatafutwa mpaka lipatikane. Mzee wa miaka ya papa André, mwenye wajukuu, akianza leo kuchagua chakula, mkewe hatafikiria sukari. Atafikiria mwanamke.

Lakini kuelewa hakukumpunguzia hasira, kulimwongezea.

"Muzuri sana," akasema. "Na siku ile batakata muguu, papa André, utamuambia muguu ulienda kwa nani?"

Papa André akarudisha mguu chini ya kiti.

Inafaa kusema hasira hii ilitoka wapi, maana wazee hawakuistahili yote. Marehemu mumewe, Lucien, alikuwa dereva wa lori, akipakia samaki Kasenga na kuwaleta mjini. Mama Laurentine mwenyewe ni binti wa Kasenga, aliyezaliwa kando ya mto Luapula, na kukausha samaki kwa chumvi alifundishwa na mama yake kabla hajafundishwa kusoma. Alimtilia Lucien chumvi kwa mapenzi yake yote, na Lucien alikula, akalamba vidole. Siku moja akaangukia usukani, lori likiwa limesimama, na hakuamka. Walipolisafisha lile lori walikuta dawa za presha nyuma ya kiti. Dereva mwenzake, akidhani mjane anajua, akasema matangani kwamba daktari alishamkataza chumvi, lakini marehemu alikuwa akicheka na kuuliza atamwambiaje hivyo mwanamke wa Kasenga. Mama Laurentine alilia kama wanavyolia wajane wote. Lakini chini ya machozi alikuwa amekasirika, na amekasirika mpaka leo, na aliyemkasirikia hayupo wa kugombezwa. Basi wazee wa Jumamosi ndio waliobeba mzigo wa Lucien.

Ni hasira hiyohiyo iliyomfanya atoe wazo la kijinga.

"Basi utakula kwangu," alimwambia papa André wazee wenzake walipokwisha kutoka. "Saa ya muchana. Mulango wazi, kila muntu aone. Nitakupikia vile daktari alisema."

Aliamini mlango wazi utamlinda. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kasenga anaweza kusamehewa, lakini yeye alishaishi Katuba miaka ya kutosha kujua kwamba mlango wazi unawasaidia tu majirani kuona vizuri.

Papa André akaja. Alikuja kila mchana, akavua kofia, akanawa mikono, akala. Bukari ya rangi ya udongo, tonge la ukubwa wa ngumi. Maharagwe. Lengalenga iliyotiwa karanga kidogo za kutwanga. Samaki wa kuchoma, ambaye mama Laurentine alimtafuta mwenyewe kwa wanawake waliotoka Kasenga, na ambaye hakumtia chumvi hata punje. Papa André alikula chote kwa ustaarabu, akasema "iko muzuri, mama", akaondoka na tai yake. Mama Laurentine alianza kuimba akiosha vyombo. Jirani yake Nono alimwuliza kwa upande wa ua kuna sherehe gani, naye akamjibu kuwa ni wimbo tu wa kanisani.

Franck alipompima tena papa André, sukari ilikuwa imepanda kuliko siku zote, na pembeni mwa kidonda ngozi imeanza kuwa nyeusi.

"Haiwezekane," mama Laurentine akasema. "Mashini yako imekufa, Franck. Pima tena."

Franck akapima tena, na jibu likawa lilelile. Mama Laurentine akamgeukia mzee, na mzee akageukia dirisha.

"Papa André. Ukitoka kwangu unaendaka wapi?"

"Kwangu, mama. Kwangu nyumbani."

"Na kule nyumbani unafanyaka nini?"

Papa André aliinama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Nakulaka," akasema.

"Unakulaka tena?"

"Ningefanya je, mama? Sahani iko inaningojea. Nikiiacha, Adolphine ataona kama nilikula fasi ingine. Na kweli nilikula fasi ingine." Akanyoosha tai. "Kwako nakula ya dawa. Kule nakula ya amani."

Mama Laurentine alikaa chini. Kwa muda hakujua acheke au apasue kitu. Alikuwa amempikia mgonjwa wa sukari chakula cha mchana safi kabisa, chakula cha kumponya, na kazi pekee iliyofanywa na chakula hicho ilikuwa kuongezwa juu ya kile kilichokuwa kikimuua. Mwenyewe alishiba kwa wema wake na mzee akashiba mara mbili. Alimwambia papa André kwamba ana mpaka Jumapili baada ya misa kumwambia mkewe kwa mdomo wake, la sivyo yeye atakwenda mwenyewe, kiapo au hakuna kiapo.

Jumapili haikufika. Papa André, akiwa sasa ameogopa kweli, aliamua kuwa mjanja. Jioni ile ile nyumbani alikula nusu, nusu akaisukuma pembeni, akasema tumbo halijakaa sawa. Adolphine aliitoa ile sahani, akaifunika, akaiweka. Kesho yake mchana, mumewe alipotoka akiwa na kofia yake, naye alitoka.

Hakuja na kelele. Mama Laurentine, aliyekuwa akitazama mlango wazi, alimwona anaingia uani amevaa kitenge cha misa, amejifunga kilemba vizuri, mkoba mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Alipiga hodi. Akajibiwa karibu. Akaingia na kumkuta mumewe mezani, tonge liko njiani kwenda mdomoni.

"Kumbe ni hapa," akasema.

"Mama Adolphine, karibu, kaa," akasema mama Laurentine. "Si vile unafikiri."

Adolphine hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu akafunua kifuniko. Bila shaka alijiandaa kukuta kuku, au wali wenye mafuta ya kung'aa, kitu ambacho mwanamke hupikia mume wa mwenziwe. Akakuta maharagwe. Akafunua kingine akakuta majani. Akachovya kidole, akaonja, akabaki anatazama kile kidole.

"Hakuna chumvi," akasema.

"Hakuna," akajibu mama Laurentine.

"Na mafuta?"

"Tone tu."

"Na hii bukari ni rangi gani?" Sasa alimgeukia mumewe, na sauti yake ilipasuka kwa namna ambayo mama Laurentine hakuitegemea. "Papa Michelle! Unaacha bukari yangu juu ya hii? Si ungekula kuku! Ungekula kuku, mi ningeelewa!"

Michelle ni mtoto wao wa kwanza, na alipomwita kwa jina hilo papa André alifumba macho. Lakini hakufumbua mdomo. Alikaa wima na tonge lake mkononi, yuko tayari kufa na tai shingoni, kweli kabisa. Mama Laurentine akamtazama na kuona kwamba mzee huyu ataacha ndoa ivunjike na mguu ukatwe mbele ya macho yake kabla hajatamka sentensi moja. Akamwona na yule mwingine, marehemu, akicheka na madereva wenzake. Hapo uvumilivu aliosingiziwa na Franck ukaisha hata jina.

"Papa André, toa kiatu."

"Mama, uliapa."

"Niliapa nifunge kinywa. Juu ya kiatu sikuapa. Toa!"

Papa André hakusogea. Adolphine alimtazama mama Laurentine, akamtazama mumewe, kisha akatazama chini, kwenye kiatu cheusi. Uso wake ukabadilika.

"Chaussette," akasema taratibu, macho yakiwa kwenye soksi. "Anafulaka ba chaussette yake mwenyewe. Tangu mvua ya kwanza. Anazificha. Mi nilisema ni mafuta ya mwanamuke, anaogopa nisikie harufu."

Akaweka mkoba mezani, akapiga magoti na kitenge chake cha misa juu ya sakafu, akafungua kamba za kiatu. Papa André alijaribu kurudisha mguu, lakini Adolphine aliushika kwa nguvu kama unavyomshika mtoto anayekataa kuogeshwa. Akavuta soksi. Bendeji ilikuwa imelowa. Harufu ilitoka kabla ya kidole kuonekana, na kidole kilipoonekana kilikuwa cheusi mpaka kwenye mfupa wa kwanza.

"Daktari alisema nini?" akauliza akiwa bado amepiga magoti.

Papa André alimtazama mama Laurentine.

"Usimuangalie yeye. Niambie mi."

Akamwambia. Maneno yalitoka mafupimafupi, yamepangwa vibaya: sukari, bukari nyeupe, mafuta, mguu, kisu. Yaliisha upesi sana kwa kitu kilichofichwa muda wote ule. Adolphine alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kulia kwa hasira, akimpiga mumewe gotini kwa kiganja.

"Mi niliona unakula kichwa chini! Nikasema labda chakula yangu haina tena utamu! Nikaongeza mafuta, papa Michelle! Kila siku nilikuwa naongeza mafuta, ndio usiende fasi ingine!"

Papa André akaliacha lile tonge lianguke. Akaweka mkono, ule uliokuwa safi, juu ya kilemba cha mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mama Laurentine amjue, tai yake ilikuwa imekwenda upande na hakuinyoosha.

Walimpeleka hospitali siku ile ile, wao wawili na Franck. Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki. Daktari alisema mguu wenyewe sasa unategemea jikoni, na safari hii maneno hayo aliyasikia mwenye jiko.

Jumamosi iliyofuata mama Laurentine alisimama mlangoni pa ukumbi wa parokia akatangaza sheria mpya, ambayo hakumwomba Franck ruhusa: mzee haingii bila yule anayempikia. Papa Ruphin alilalamika kwamba hayo ni mambo ya kuwadhalilisha watu wazima, akaambiwa arudi nyumbani akalalamike huko. Alirudi na mkewe, Marceline, ambaye kabla somo halijafika nusu alikuwa ameshauliza mambo ambayo wazee wote pamoja hawakuuliza tangu kikundi kianze, na mwisho akamgeukia mumewe mbele ya watu kutaka kujua habari hizi alizikalia kwa nini. Papa Ruphin akaangalia dari yake.

Basi mtu angedhani mama Laurentine amepumzika. Wapi! Miezi haikupita mingi, Adolphine alimfuata sokoni kwenye meza ya viazi, ameshika kiuno.

"Mama Laurentine, mi nimechoka na ule muzee."

"Amerudia bukari nyeupe?"

"Kama ingekuwa ile! Anaingia mu cuisine na fimbo yake, anafunua nyungu. Anauliza hii mafuta ni ya nini, hii chumvi nani alitia. Anaonja. Anasema maharagi haiyaiva na ngozi. Mi kupika nilijifunza kwa mama yangu, leo ananifundisha muntu wa treni, chef de gare! Juzi dada yangu alituletea sombe, majani ya muhogo yenye mafuta, muzee alimuambia mbele ya bantu kama sombe yake ni ugonjwa. Franchement! Mulimufundisha kusema, sasa mumuite tena mumufundishe kunyamaza. Ntamupiga na mwiko, mi nakuambia!"

Mama Laurentine alicheka mpaka wauzaji wa pembeni wakageuka. Alicheka akiwaza papa André na tai yake juu ya mvuke wa chungu, akikagua maharagwe kama mabehewa. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaendelea kuyafuta, na Adolphine akaona kwamba kicheko kilishakwisha kitambo.

"Muache aseme, mama Adolphine."

"Lakini anachokesha!"

"Muache achokeshe. Wangu hakufunuaka nyungu hata siku moja."

Adolphine alishusha mikono kiunoni. Alijua habari za Lucien, kama watu wote wa mtaa, lakini hakuwahi kuzisikia kwa mwenyewe. Halafu akainama kwenye meza, akachagua viazi vyake mwenyewe, vile vidogo vyenye ngozi nyembamba, akavifunga kwenye kitenge. Akasema lazima awahi, maana yule mzee asipomkuta jikoni anaweza kuanza kupika mwenyewe.